NGUVU ZA FARASI: JINSI YA KUSOMA KARATASI YA MASHINE YA KUPIMIA MAGARI



Somo letu safari hii linahusu namba. Namba yenyewe ni ile inayoandikwa kwa herufi nene kwenye karatasi ya gari: nguvu za farasi 120, nguvu za farasi 160. Mafundi wetu huiita hosipawa. Gari jipya huja na namba hiyo kutoka kiwandani. Lakini gari la mtumba huenda limekwisha kubadilishwa kabla halijatufikia: injini ya kwanza imetolewa ikawekwa nyingine, tabo imeongezwa, kompyuta ya injini imeandikwa upya, ekzosi imepanuliwa. Hapo kitabu cha kiwanda hakina kazi tena. Muuzaji huleta karatasi ya mashine ya rola, yenye mistari miwili inayopanda kama kilima, na kusema kwamba mashine haisemi uongo.

Mwenzetu atauliza: mambo haya ya vijana wa mashindano yatuhusu nini sisi wa chai na wa kiwandani? Yatuhusu mara mbili. Kwanza, ziko ibimina za wafanyakazi zinazoweka akiba ili kununua gari dogo la kubeba mizigo au abiria. Fedha hizo ni jasho la miaka, na haifai zitoke kwa sababu ya namba isiyoeleweka. Pili, wako wenzetu madereva. Gari likichelewa kupanda kutoka ziwani na mzigo, msimamizi hufungua karatasi na kusema: gari hili lina farasi 100, mbona latambaa? Kosa ni la dereva. Dereva asiyejua kusoma karatasi hiyo hana jibu, na anaweza kukatwa mshahara au kuandikiwa barua kwa kosa ambalo ni la hewa na mlima.

Tuanze na kitu tunachokifahamu, yaani mizani ya majani ya chai. Mchumaji yeyote anajua kwamba kilo 25 zilizosomwa kwenye mizani si lazima ziwe kilo 25 za majani. Kuna uzito wa kikapu. Kuna maji ya mvua juu ya majani. Kuna mizani iliyosimamishwa pabaya. Na kuna karani anayeongeza au kupunguza kabla ya kuandika daftarini. Kwa hiyo mchumaji huuliza: mmepima na kikapu au bila kikapu? Mmekata kiasi gani, na kwa nini? Karatasi ya nguvu za farasi inasomwa kwa jicho hilo hilo.

FARASI NI KITU GANI?

Kipimo hiki kilizaliwa sokoni. Katika miaka ya 1780 Mskoti James Watt alikuwa akiuza mashine za mvuke kwa watu waliokuwa wakitumia farasi kuendesha pampu na vinu. Alihitaji kuwaeleza mashine moja itafanya kazi ya farasi wangapi. Akakadiria kwamba farasi mmoja anaweza kuinua paundi 33,000 kwa futi 1 katika dakika 1. Farasi wengi hawawezi kuendelea hivyo siku nzima, lakini kadirio likashika.

Nchi zinazotumia mita na kilo zikatengeneza farasi wao: kuinua kilo 75 kwa mita 1 katika sekunde 1. Tukishike hicho vizuri, maana tutakitumia kupanda mlima. Farasi wa Kiingereza na farasi wa kilo 75 karibu ni sawa: 100 wa kwanza ni kama 101 na nusu wa pili. Ukikuta karatasi imeandikwa kilowati, zidisha kwa 1.36 upate farasi.

Sisi tuliozoea makaratasi ya Kifaransa tuna mtego mwingine. Kuna farasi wa kodi, wanaoandikwa CV, na hao si nguvu ya injini. Ni hesabu ya serikali ya kutoza kodi. Gari la Citroën 2CV lililoonyeshwa Paris mwaka 1948 lilikuwa na farasi 2 wa kodi, lakini injini yake ilitoa farasi 9. Ukiona gari limeandikwa CV 8, usilinganishe na farasi 80 wa karatasi ya rola.

Hata viwanda vikubwa vimecheza na namba. Marekani zamani injini ilipimwa ikiwa uchi: bila feni, bila kisafisha hewa, bila ekzosi ya gari. Baadaye wakaanza kuipima ikiwa imevaa vyombo vyake vyote. Injini kubwa ya Cadillac Eldorado ya mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 365 kwa kipimo cha kwanza na 235 kwa kipimo cha pili. Injini ni ile ile, na hakuna skrubu iliyobadilishwa. Farasi 130 walikuwa ni wa namna ya kupima tu.

WAPI PALIPOPIMWA?

Injini hutoa nguvu kwenye krenkishafti. Kutoka hapo nguvu hupita kwenye klachi, giaboksi, propela shafti, difu, mpaka kwenye magurudumu. Kila kituo hula kidogo: meno ya gia yanasuguana, oili nzito inakorogwa, beringi zinapata joto, na tairi lenyewe linabonyea. Kinachofika barabarani ni pungufu ya kilichotoka kwenye injini.

Mashine ya rola hupima magurudumu tu. Gari hupandishwa juu ya rola nzito, hufungwa kwa mikanda, kisha dereva hukanyaga mafuta mpaka chini. (Tusichanganye na rola za vituo vya ukaguzi wa magari, ambazo kazi yake ni kupima breki.) Kwa hiyo karatasi ikisema "farasi wa injini", jueni kwamba namba hiyo haikupimwa pale, bali imekadiriwa. Kompyuta imechukua namba ya magurudumu na kuongeza kile inachodhani kimepotea njiani. Wengine hudhani asilimia 15, wengine 20, na kwa gari la magurudumu manne wengine hufika 25. Anayechagua ni mwenye mashine.

Fikirini matokeo yake. Magurudumu yametoa farasi 85. Fundi mmoja akiona kwamba asilimia 15 imepotea, ataandika 100. Mwingine akiona robo imepotea, ataandika 113. Gari ni moja.

Na kwa magari yaliyobadilishwa kosa hili huwa baya zaidi. Giaboksi haili asilimia maalum ya chochote unachoipa. Sehemu kubwa ya hasara yake inatokana na kasi ya kuzunguka na uzito wa oili, na hiyo haiongezeki maradufu kwa sababu injini imeongezwa nguvu maradufu. Anayetumia asilimia ile ile kabla na baada ya matengenezo hujizawadia farasi ambao hawakuzaliwa. Mashine nyingine hujaribu kupima hasara kwa kuliacha gari lijizungukie bila injini mpaka lipunguze kasi. Njia hiyo ni bora kuliko kudhani, lakini bado ni makadirio.

Basi swali la kwanza kwa muuzaji: namba hii ni ya magurudumu au ya injini? Akijibu ya injini, mwombeni ile ya magurudumu. Mashine inayo.

KATIKA HEWA GANI?

Hapa ndipo sisi wa Gisenyi tunapaswa kukaa muda mrefu, maana hapa ndipo karatasi inapotudanganya zaidi kuliko mtu wa Mombasa au Dar es Salaam.

Injini hula hewa kama inavyokula mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, mafuta hayana cha kuungua nacho, na nguvu hupungua. Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, na uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Pwani baromita husoma karibu milibari 1,013, na huku husoma karibu 850. Asiye na baromita atazame sufuria: pwani maji huchemka kwa digrii 100, hapa kwetu huchemka kwa digrii 95 hivi. Ndiyo sababu maharage yetu huchukua muda na makaa mengi. Hewa inayochelewesha maharage ndiyo inayopunguza nguvu ya injini. Injini isiyo na tabo, iliyotoa farasi 100 pwani, hapa hutoa kama 85.

Sasa waliotengeneza vipimo walifikiri hivi: tutawezaje kulinganisha gari lililopimwa pwani na lililopimwa mlimani, au lililopimwa asubuhi ya baridi na lililopimwa mchana wa joto? Wakaweka namba ya kuzidishia. Mashine husoma joto na mgandamizo wa hewa, kisha huzidisha matokeo ili yawe kana kwamba gari limepimwa katika hewa iliyokubaliwa. Kipimo cha Kijerumani cha DIN huchukua milibari 1,013 na digrii 20. Kipimo cha Kimarekani cha SAE kinachotumika sasa huchukua hewa kavu ya milibari 990 na digrii 25. Kipo pia kipimo cha Kimarekani cha zamani ambacho huleta namba kubwa kwa kama asilimia 4, na bado kiko kwenye mashine nyingi, kwa sababu mteja hupenda namba kubwa.

Kwa kulinganisha, jambo hili ni halali kabisa. Sina ugomvi nalo. Lakini tufanye hesabu ya Gisenyi. Kwa DIN, 1,013 kugawanya kwa 850 ni karibu 1.19, na joto la mchana la digrii 22 linaongeza kidogo. Tuseme 1.20. Maana yake, kila farasi 100 waliopimwa kwenye magurudumu hapa huandikwa 120. Hao 20 hawako kwenye gari. Wako pwani, wanamngoja dereva atakayeteremka huko. Gari likipakiwa majani ya chai ya Pfunda na kuanza kupanda, linapanda na 100.

Tena wenye vipimo wenyewe waliona hatari hii. Kanuni za kimataifa za kupima injini huweka mipaka ya namba ya kuzidishia, kama vile 0.93 mpaka 1.07. Sisi tuko 1.20. Hiyo haina maana kwamba kila karatasi ya mlimani ni ya wizi. Maana yake ni kwamba kadiri tunavyozidisha kwa namba kubwa, ndivyo tunavyotoka kwenye kupima na kuingia kwenye kukisia.

Na tabo je? Tabo ni kile kipulizio kinachozungushwa na moshi wa ekzosi, kinachoshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyepesi, tabo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Kwa hiyo gari la tabo hupoteza nguvu kidogo tu mlimani kuliko gari la kawaida. Lakini kompyuta ya mashine, isipoambiwa, haijui kama gari lina tabo. Inazidisha kwa 1.20 kana kwamba hasara yote ilitokea. Gari hupewa zawadi mara mbili: kwanza na tabo, halafu na karatasi. Ndiyo maana gari la tabo lililopimwa Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600, linaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa na nguvu kuliko ambavyo lingeonekana likipimwa Mombasa. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, ombeni namba ya magurudumu kabla haijazidishwa. Kwenye karatasi nyingi iko pembeni, kwa herufi ndogo, pamoja na joto, mgandamizo na namba ya kuzidishia. Karatasi ambayo pembe hiyo imekatwa au kufunikwa, mimi nisingeitolea hata faranga moja.

KWENYE MASHINE GANI, NA KWA MKONO WA NANI?

Mashine ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina rola nzito tu, haina breki. Kompyuta hupima jinsi magurudumu yanavyoweza kuiharakisha rola hiyo. Kazi huisha kwa sekunde chache, kama kumi au kumi na tano. Ya pili ina breki, ya sumaku au ya maji, inayoizuia rola na kulilazimisha gari kuvuta kana kwamba liko mlimani. Wazo hili la kupima nguvu kwa kuizuia ni la zamani: Mfaransa Gaspard de Prony alitengeneza breki yake ya kupimia mwaka 1821, kwa mbao na mzigo uliotundikwa.

Kwa gari la mashindano mashine ya kwanza inatosha. Kwa gari la kazi, ya pili ni bora mno. Injini inaweza kutoa farasi 130 kwa sekunde kumi ikiwa bado haijapata moto, kisha ikashindwa kutoa 100 baada ya dakika ishirini za mlima, maji yakiwa yanachemka na hewa ya tabo imepata joto. Muulizeni fundi: mliishikilia nguvu hiyo kwa muda gani?

Halafu kuna mkono wa mtu. Anayetaka namba kubwa anazo njia. Anaweza kukiweka kipimajoto karibu na injini yenye moto, na kompyuta ikadhani siku ni ya joto kali, ikazidisha zaidi. Matairi yaliyojazwa upepo sana hula nguvu kidogo kuliko matairi laini, na vivyo hivyo mikanda iliyolegezwa. Gia nayo ina neno: kwa kawaida hupimwa katika gia ambayo giaboksi haipunguzi wala haiongezi mzunguko, mara nyingi ya nne. Na gurudumu likiteleza juu ya rola, mstari huruka juu kama mwiba. Fundi mwaminifu hupima upya, asiye mwaminifu huandika ncha ya mwiba.

Kuna uchunguzi mmoja ambao mfanyakazi yeyote anaweza kuufanya kwa penseli. Mstari mmoja ni wa nguvu za farasi, mwingine ni wa nguvu ya kuzungusha. Mistari hiyo miwili imefungwa pamoja kwa hesabu, haiwezi kwenda kila mmoja njia yake. Karatasi ikiwa ya vipimo vya Kimarekani, na mistari yote miwili imechorwa kwa skeli moja, lazima ikutane kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika. Karatasi ikiwa ya vipimo vya mita, chukua nguvu ya kuzungusha kwa nyutoni-mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,024, upate farasi. Mfano: 140 kwa mizunguko 5,000 ni 700,000, ukigawanya ni karibu farasi 100. Kama karatasi imeandika 130 mahali hapo, kuna mtu aliyechezea.

TUPANDE MLIMA

Sasa turudi kwa dereva wetu na lori lake. Tuseme lori na mzigo wake ni tani 8, na kitabu chasema injini ina farasi 100, haina tabo. Barabara inapanda mita 6 katika kila mita 100. Msimamizi anataka lori liende kilomita 30 kwa saa. Je, laweza?

Kilomita 30 kwa saa ni mita 8.3 kwa sekunde. Kwa mpando huo, lori linainuka nusu mita kila sekunde. Kuinua kilo 8,000 kwa nusu mita ni sawa na kuinua kilo 4,000 kwa mita nzima. Gawanya kwa 75, kama tulivyojifunza: farasi 53 wanahitajika kuinua tu. Matairi nayo yanahitaji kusukumwa. Kwenye lami nzuri, tuseme kilo 12 za msukumo kwa kila tani, yaani kilo 96. Zidisha kwa mita 8.3, gawanya kwa 75: farasi 11 hivi. Jumla ni 64, tena kwenye magurudumu.

Je, wapo? Kitabu chasema 100, lakini hao ni wa injini na ni wa hewa ya pwani. Hapa ziwani wamebaki 85. Toa asilimia 15 ya giaboksi na difu: 72 kwenye magurudumu. Lori linaweza, na lina akiba ndogo. Lakini barabara ya kwenda Mukamira hupita mita 2,000 juu ya bahari. Tuseme tumefika mita 2,200. Huko karibu robo ya hewa imekwisha. Injini inatoa 75, na magurudumu yanapata 64.

Farasi 64 wanahitajika, na 64 ndio waliopo. Hakuna hata mmoja wa akiba. Kona moja kali, gunia 20 za kilo 50 zilizoongezwa nje ya hesabu, au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, na dereva lazima ashuke gia na kwenda kilomita 20. Hajalala wala hajasimama njiani kunywa chai. Hesabu hii ichukuliwe na mjumbe wa wafanyakazi siku dereva anapoitwa ofisini, na uzito wa lori usomwe kwenye mizani, si kwenye daftari.

Hesabu hiyo hiyo inatuonyesha kwa nini ncha ya mstari si jambo kubwa kwa gari la kazi. Injini moja inaweza kuwa na farasi 120, lakini kwa mizunguko 6,000 tu. Kwa mizunguko 2,500 ina 45. Nyingine ina 95 tu juu kabisa, lakini kwa mizunguko 2,500 tayari ina 75. Kwa kubeba chai nitachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Tazameni mstari wote, hasa upande wa kushoto, ambako injini ya kazi huishi.

Wapenzi wa Safari Rally wanakumbuka mwaka 1974, Joginder Singh wa Kenya aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer ya sentimita za ujazo 1,600, na Björn Waldegård katika Porsche yenye nguvu zaidi akawa wa pili. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza. Matope, mawe na urefu wa safari havikusoma karatasi ya mtu yeyote.

Na jambo moja ambalo karatasi ya rola haiandiki kabisa: breki. Gari lililotengenezwa kwa farasi 80, likabadilishwa liwe na 130, mara nyingi limebaki na breki zile zile, giaboksi ile ile na chasisi ile ile. Mtu aliyenunua nguvu atapakia zaidi na atakwenda kasi zaidi, halafu atateremka kuja mjini. Kabla ya kulipia gari la namna hiyo, ikimina ilipie kwanza fundi wake yenyewe aangalie ngoma, diski na mabomba ya breki. Ni gharama ndogo, na ndiyo inayohusu shingo zetu.

KARATASI HII INAFAA KWA KAZI GANI, BASI?

Inafaa sana kwa kazi moja: kulinganisha gari na lenyewe. Gari lile lile, mashine ile ile, gia ile ile, upepo ule ule wa matairi, kabla na baada ya matengenezo, ikiwezekana siku moja. Hapo makosa ya mashine yanajirudia pande zote mbili, na tofauti inayobaki ni kazi ya fundi. Kama mmemlipa fundi aongeze nguvu, mkubaliane naye kabla hajashika spana kwamba kutakuwa na vipimo viwili, na kwamba karatasi zote mbili mtapewa nzima. Pimeni mara tatu kila upande. Namba tatu zikitofautiana kwa farasi 5, basi msishangilie ongezeko la farasi 4.

ZOEZI LA KIKUNDI

Gari lilipimwa katika gereji moja ya hapa mjini. Karatasi ya kwanza, kabla ya matengenezo: farasi 80, kwenye magurudumu, bila kuzidishwa. Karatasi ya pili, baada ya matengenezo, mashine ile ile: farasi 108, wa injini, hasara ya njiani imekadiriwa asilimia 15, namba ya kuzidishia 1.20. Fundi anadai malipo ya farasi 28. Kikundi kitoe hesabu yake kabla ya kusoma jibu.

Jibu. Turudishe 108 kwenye magurudumu: 108 mara 0.85 ni 91.8. Tuondoe hewa ya pwani: 91.8 kugawanya kwa 1.20 ni 76.5. Kabla ya matengenezo magurudumu yalitoa 80, na sasa yanatoa 76 na nusu. Tofauti ya farasi 3 na nusu inaweza kuwa ya matairi au ya joto la siku, kwa hiyo tusimshtaki fundi kuwa ameharibu injini. Aombwe apime tena mbele ya wenye gari, kwenye magurudumu, bila kuzidisha, na malipo yangoje karatasi hiyo.